Njema, Ila

Wapendwa, kulikuwa na bwana mmoja, baba wa watoto, aliyefanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga mpaka mashine ikafungwa. Siku mashine inapofungwa unasikia kimya. Baada ya muda unasikia njaa. Mkewe alivumilia, akavumilia tena, mwisho akamwambia bila ugomvi wowote: "Mume wangu, mwezi huu ukiisha hujapata kibarua, nachukua watoto nakwenda nao kwa mama. Sikukimbii. Ila watoto wanataka kula."

Bwana yule akashikwa na hofu. Alikuwa akiwapenda watu wake, na nyumba isiyo na watoto aliiogopa kuliko njaa yenyewe. Jirani yake, mjuaji wa mtaa, akampa darasa: "Kazi siku hizi ni mdomo, ndugu yangu. Ukimpata mtu usimzungukezunguke. Mwaga shida yako pale pale, kabla simu yake haijaita." Akayashika maneno hayo. Akawa anayafanyia mazoezi chooni peke yake, mpaka mkewe akadhani anaumwa tumbo. Mnacheka? Subirini.

Sasa alikuwa na rafiki yake wa siku nyingi, mtunza stoo katika ghala la saruji. Akapiga pasi shati, akamwendea. Akamkuta ameketi juu ya mifuko, kashika tama. Jamani, mtu kashika tama!

"Hodi, kaka! Habari za nyumbani?"

"Njema, ila..."

"Tumshukuru Mungu! Sasa kaka, nimekuja kwako na shida." Akamwaga. Mashine ilivyofungwa, uzoefu wake, uaminifu wake, mke, watoto. Hakupumua. Na alisema vizuri, tusimnyime haki yake.

Mtunza stoo akamtazama weee. "Nimekusikia, ndugu yangu," akasema. "Tutaonana."

Bwana yule akatoka pale anatabasamu, kazi anaiona hii hapa.

Hebu niwaulize. Sisi watu wa huku, habari mbaya tunaitoaje? Msiba uko ndani, maturubai yanafungwa uani, mtu akikuuliza habari unamjibuje? Njema! Kwanza njema, halafu ila. Njema ni ya kila mpita njia. Ila ni ya yule atakayengoja. Hakuna aliyelelewa hapa asiyelijua hilo, na bwana yule alilijua pia. Hofu ndiyo ilimsahaulisha. Mwenye njaa hana miiko.

Mwezi ukawa unakatika, hajaitwa. Akarudi ghalani. Kumbe kiti cha rafiki yake kimekaliwa na mtu mwingine, mmoja wa wale aliokuwa akisimama nao stendi kungojea mizigo ya kupakua.

"Wewe! Umefikaje hapa?"

"We acha tu. Nilipita kumsalimu. Akaniambia, 'Njema, ila mke wangu hajiwezi.' Nikakaa naye. Alilia, yule mzee. Akasema anaacha kazi ampeleke mkewe kwao akamuuguze, na tajiri kamwambia atafute mtu mwaminifu wa kumwachia funguo."

Bwana yule akasema: "Mimi nilifika kabla yako."

"Najua. Alikutaja. Alisema, nilitaka kumpa yule, nikakosa pa kuanzia."

Inauma, wapendwa. Alikwenda kuomba kitu ambacho mwenzake alikuwa tayari anamnyooshea. Akarudi nyumbani miguu mizito, akakuta mabegi yako mlangoni.

"Habari za huko?" mkewe akauliza.

"Njema, ila..."

Watoto walikuwa wameshavalishwa viatu. Hakumalizia.

Nyinyi vijana mnaozunguka na bahasha za vyeti, najua mmeshachukua lenu: ukienda kwa mtu, msikilize kwanza. Chukueni, ni lenu. Lakini msilifanye mtego wa kunasia kazi, maana mtu anajua anaposikilizwa na anajua anapowindwa. Na msinitajie haraka haraka haina baraka. Hiyo mnaijua tangu utoto, na haijawazuia.

Sasa nyinyi mnaomsikitikia. Bwana yule alikuwa akisali wapi? Hakuwa na kanisa? Jumapili zote zile, nani alimpa mkono pale mlangoni? Si sisi? Tulimuuliza habari za wiki. Akasema njema, akavuta pumzi, na macho yetu yakawa yameshahamia kwa aliye nyuma yake. Angepata pa kuitua hofu yake hapa kwetu, asingekwenda kuimwaga kule ghalani, juu ya mtu mwenye mgonjwa. Tulimwacha aende nayo. Sisi.

Basi kabla hatujaomba, mgeukie aliye kando yako. Mpe mkono, muulize habari. Atakwambia njema.

Usiuachie mkono.