Siku ya Kufungua Kina

Mto haumezi, huweka. Methali hii ilianza hivi, nanyi mlioicheka sogeeni msikie.

Katika kijiji cha Lihanga, kando ya mto mpana, palikuwa na kina, shimo refu la maji, ambacho hakuna aliyeruhusiwa kutupa wavu humo mwaka mzima. Mlinzi wake alikuwa Bi Semeni. Kila Novemba, maji yakishapungua, yeye ndiye aliyeyagusa kwanza, kisha watu wakavua. Samaki hao walikaushwa kwa moshi, wakavusha nyumba zote katika miezi ya njaa.

Wakulima wa mpunga wa upande wa juu walipenda kuosha mtoni viroba vya mbolea ya chumvichumvi, ili wavitumie tena kutilia mpunga. Walipomwomba ruhusa, Bi Semeni, mkarimu wa kupitiliza, aliwajibu, "Osheni tu, wanangu. Mto mkubwa huu, unameza kila kitu."

Wakaosha misimu saba, na maji yasibadilike. Bibi akatamba kwamba anaujua mto wake. Bwana samaki, ofisa wa uvuvi, alipokuja kuwakanya wakulima, waliacha siku ile ile. Miaka miwili ikapita bila kiroba hata kimoja kugusa maji. Nani angekuwa na wasiwasi?

Asubuhi ya kufungua kina, Bi Semeni alitangulia kama kawaida. Alipofika ukingoni alisimama ghafla. Maji yalikuwa ya kijani, mazito kama mlenda. Perege na ngogo walielea matumbo juu, wakubwa kwa wadogo, ng'ambo hadi ng'ambo. Alishtuka hata kanga ikamwanguka begani asijue. Nyuma yake kijiji kizima kilisimama na vikapu.

"Tuliacha," alimwambia bwana samaki, kijana aliyeitwa Kidunda, aliyekuja kushuhudia ufunguzi. "Mwanangu, tuliacha mwaka juzi."

Kidunda alizamisha mti hadi chini, akautoa umejaa tope jeusi linalonuka.

"Mliacha kuosha, mama, lakini mbolea ilibaki. Nyingine ililiwa na matete, nyingine vijidudu vya topeni viliigeuza hewa ikapaa. Iliyozidi ilikaa humu. Mwaka huu maji yamekuwa haba na jua kali, tope likaiachia. Ukoga huu wa kijani ukastawi, ukawanyima samaki pumzi."

"Imebaki kiasi gani?"

"Mliosha misimu saba, mama. Sijui itakwisha lini."

Watu walikwisha kuanza kunong'ona habari za wachawi, na ukoo mmoja wa ng'ambo ulikuwa unatajwa kwa jina. Bi Semeni angeweza kunyamaza, lawama ikapita pembeni. Aliogopa, msidhani hakuogopa. Akawageukia.

"Msitafute mchawi. Mimi ndiye niliyewaambia waoshe. Nilidhani mto unameza."

Akawatazama kina mama walioshika vikapu vitupu, na njaa ya mwaka ule ikiwa mbele yao.

"Mto haumezi," akasema. "Huweka."