Tui, Chicha na Pete ya Sultani

Palikuwa na sultani aliyetaka kila kizuri kiwe chake, na kibaya kibaki kwa mwenyewe. Jina lake Ghanimu, mji wake Mtondoo. Alikuwa na pete ya yakuti aliyovishwa na marehemu baba yake siku ya kutawazwa, akiwa mwembamba, ufito una nafuu. Kisha akala biriani miaka thelathini. Hali ya kidole mnaielewa. Lakini barazani nani athubutu kusema pete imekwama? Walisema, "Pete imempenda Seyyidi, haitaki kumwacha." Naye akiamini, maskini.

Pembezoni mwa mji, kwenye kiwanja cha sultani huyo, alikaa Bi Kidawa, mjane mkaanga bajia. Hana kitu, ila mdomo anao. Kazi yake nyingine, isiyo na faida hata chembe, ilikuwa kupokea punda waliotupwa na wenyewe. Huwauguza, huwanenepesha, kisha huwatoa bure kwa mtu mwenye huruma. Sharti lake moja tu: waliokuja wawili wamezoeana, huondoka wawili.

Ndipo walipokuwapo Tui na Chicha. Tui mweupe pe, shingo juu. Chicha kipofu, mbavu nje, sikio limechanika. Chicha hatembei mpaka ubavu wake uguse ubavu wa Tui. Siku moja Bi Kidawa alimwazima jirani Tui abebe chokaa. Chicha akasimama kaelekea ukuta kutwa nzima, hakula wala hakunywa, mpaka mwenzake aliporudi. Bi Kidawa alilia siku ile, akaapa hatarudia.

Basi Idi ikakaribia, sultani akataka punda mweupe wa kumpeleka msikitini. Akaja yeye na waziri wake, asubuhi, wateja wa bajia wamejaa.

"Nashika miguu, Seyyidi."

"Marahaba. Nimemtaka yule mweupe."

"Umempata, Seyyidi. Yeye na mwenzake."

"Nimesema yule!"

Waziri akafoka, "Mwanamke, unamnyima sultani?"

"Simnyimi, bwana. Namwongezea."

Sultani akamtazama Chicha, akakunja pua. "Wanaitwaje?"

"Mweupe ni Tui. Huyu Chicha."

Sultani akacheka, tumbo likacheza. "Umejihukumu mwenyewe! Tui huungwa mchuzini, chicha hutupiwa kuku."

"Kweli, Seyyidi. Lakini hayo ni baada ya kukuna na kukamua. Nazi yangu bado haijavunjwa."

Wateja wakaguna. Sultani akaacha kucheka.

"Kidawa, kiwanja hiki cha nani?"

"Chako, Seyyidi."

"Basi sikia. Nipe neno nisiloweza kulijibu, niondoke mikono mitupu, na kiwanja kiwe chako. Nikilijibu, Tui wangu, na kesho unahama wewe na vilema wako."

Bi Kidawa akahesabu moyoni. Punda kumi na mmoja, atawapeleka wapi? Akamtazama Chicha, kaweka kidevu mgongoni mwa Tui, hana habari. Akamtazama sultani, juu mpaka chini, macho yakatua mkononi. Akasema neno ambalo kila mtu analo kinywani.

"Seyyidi, hawa ni chanda na pete."

Wateja wakashika vichwa. Masikini, ndilo neno hilo?

"Ndilo hilo tu?" Sultani alifurahi kama aliyeokota. "Pete huvaliwa, pete huvuliwa! Chanda hubaki chanda, wala hakifi. Waziri, mfunge Tui kamba!"

"Huvuliwa, Seyyidi?"

"Huvuliwa!"

"Bila taabu?"

"Bila taabu yoyote, mbele ya watu hawa!"

"Basi vua yako, tuone."

Wateja wakasogea karibu. Sultani akavuta. Akazungusha. Akavuta tena, jasho likamtoka. Waziri akaacha kamba ya punda, akashika pete kwa mikono miwili, akaweka mguu kwenye kiti cha wateja, akavuta mpaka kofia ikamdondoka. Bi Kidawa akaleta mafuta ya bajia ya jana katika kijiko, kwa adabu kabisa. Wapi! Kidole kikawa chekundu kama pilipili, na pete ipo pale pale.

Waziri akapapatika, akatoa maneno ya barazani. "Pete hii haivuliwi! Imempenda Seyyidi, haitaki kumwacha!"

"Alaa!" akasema Bi Kidawa. "Kumbe mnayajua mambo haya."

Sultani akapuliza kidole chake. "Sasa unatakaje, mwanamke?"

"Mimi sitaki kitu, Seyyidi. Wewe ndiye uliyekuja kutenganisha. Shoka lile pale, nyuma ya kuni. Tuanze na wapenzi wako, au na wangu?"