Twiga wa Mama Resiato na Banda Lenye Shimo

Hapo zamani, na msinitazame kana kwamba naanzia enzi za fisi kuvaa kanzu, nasema zamani ya juzi tu, watu walipoanza kuyavalisha magari viatu virefu, palikuwa na mama mmoja huko nyuma ya Longido akiitwa Mama Resiato. Kazi yake maziwa. Kila asubuhi gari lake lilizunguka maboma kuyakusanya, likavuka korongo, likayafikisha sokoni. Na korongo lile halikuwa na adabu: kila siku lilimkwangulia gari tumbo.

Mama Resiato akamwita Anaeli, fundi wa Kimeru, mtu wa kifua mbele na spana mfukoni hata akienda kanisani.

"Fundi, ninyanyulie gari."

"Kiasi gani, mama?"

"Mpaka korongo liniombe radhi."

Anaeli akanyanyua. Akafunga springi ndefu, akavisha matairi makubwa, gari likasimama juu hata mbuzi wakapita chini bila kuinamisha pembe. Watu wakaliita Twiga. Korongo likavukwa, makofi yakapigwa. Mimi mwenyewe, ambaye katika nchi zote nilizotembea nimeyasukuma magari kuliko nilivyoyapanda, ningekuwepo ningepiga makofi kuliko wote.

Ila Anaeli alinyanyua mwili akasahau viungo. Chini ya gari kama lile, kwa mbele, kuna fimbo mbili za chuma. Moja ni fimbo ya stelingi: inatoka juu, kwenye mkono wa stelingi, inashuka kuyasukuma magurudumu kushoto na kulia. Nyingine ni fimbo ya ekseli: inaishika ekseli, chuma kinachobeba magurudumu, isikimbilie pembeni. Fimbo hizi ni mke na mume wenye blanketi moja. Zikilala mkao mmoja, huyu akigeuka na yule anageuka, usingizi mtamu. Zikilala kila moja kivyake, ni vita mpaka kuche. Sasa gari lilipopaa, fimbo zikabaki zinaning'inia, kila moja na mteremko wake. Twiga akikanyaga tuta, blanketi linavutwa, na magurudumu yanakwenda kulia bila kumuuliza dereva.

Dereva alikuwa Lekishon, mdogo wa marehemu mume wa Mama Resiato. Huyo hakulalamika. Alijifunza tu: tuta likikaribia, kabla gurudumu halijagusa, mkono wake unavuta usukani kushoto, kidogo, kimyakimya. Twiga anavuta kulia, Lekishon anavuta kushoto, gari linakwenda mbele. Alimwongoza kama mwanamke anayemrudisha mume mlevi nyumbani: ameshajua kwenye mlango gani atayumbia upande gani. Mwaka ukapita, na hakuna aliyejua kuwa gari ni bovu.

Mpaka Lekishon alipoumwa tumbo. Mama Resiato akashika usukani mwenyewe, akakanyaga tuta la kwanza, na Twiga akampeleka kulia, moja kwa moja ndani ya miiba. Maziwa yakamwagika. Mbwa wa boma la jirani walinenepa siku hiyo.

"Shemeji," akamwambia Lekishon, "gari lako lina shetani."

"Gari halina neno, shemeji. Mikono yako ndiyo haijalizoea."

"Kwa hiyo ukiharisha wewe, maboma yote yakae na maziwa yao mpaka yachachuke?"

Akatoka nje akatangaza. Pale sokoni alikuwa na banda la bati, sakafu ya saruji, na katikati shimo la kusimama fundi akiwa chini ya gari. Ninyi mnaona shimo. Fundi aliyelala mgongoni barabarani maisha yake yote, mchanga machoni, kuku wakimdonoa vidole vya miguu, anaona ikulu. Mama Resiato akasema: "Atakayemnyoosha Twiga, banda ni lake. Mmoja. Shimo haligawanyiki." Na ufunguo akauvaa shingoni.

Wa kwanza kufika ni nani? Anaeli. Aliyepindisha ndiye aliyewahi kunyoosha. Mambo hayo nimeyaona katika nchi nyingi, na mara nyingi hupewa medali. Akafungua mkono wa stelingi, akaweka ulioshuka chini zaidi. Fimbo ya stelingi ikalala vizuri kama rafu ya kabati.

"Tazameni!" akasema. "Imenyooka!"

Fimbo ilinyooka. Gari likanyooka? Halikunyooka. Fimbo ya stelingi sasa ilikuwa imelala, na mwenzake wa ekseli bado amening'inia, blanketi likachanika kabisa. Tuta la kwanza tu, Twiga akaruka kulia kwa hasira mpya, akavunja ua wa minyaa wa mchungaji.

Akaja Shafii, fundi wa Kirangi kutoka Kondoa, mpole wa sauti, mkali wa maneno. Akachungulia chini, akacheka mpaka akakaa.

"Anaeli, ndugu yangu, umemlaza mke ukamwacha mume amesimama mlangoni."

"Wewe ongea, Mrangi. Ua wa mchungaji bado una nafasi yako."

Shafii hakugusa kazi ya Anaeli. Akachomelea kishikio kirefu zaidi, fimbo ya ekseli ikashuka, zikalala zote mbili mkao mmoja. Mama Resiato akapanda. Tuta la kwanza, kimya. La pili, kimya. Watu wakaanza kushangilia. Gari likanyooka? Halikunyooka. Kwenye matuta lilitulia, lakini usukani ulikuwa unaelea kama mwiko kwenye supu. Alipokata kona kuingia uwanja wa mnada, usukani haukurudi. Akazunguka mara moja, akazunguka tena, amekaza meno, mkono nje ya dirisha anaomba msaada, na kila alipopita dalali alidhani anapandisha bei. Alirudi nyumbani na ng'ombe dume asiyemhitaji.

Akaja Tluway, Mwiraqw wa Karatu, mtu wa kunyamaza kwa makusudi ili aombwe aseme. Akaombwa.

"Mmeshawahi kuona baiskeli?" akauliza.

"Tluway, tumechoka, sema!"

"Uma wa mbele wa baiskeli umelala nyuma kidogo. Ndiyo maana mtu anaachia mikono akala hindi huku anakwenda. Gari hili lilipopandishwa, ekseli ilijikunja mbele. Haina tena pa kuegemea."

Akatoa bushi za ekseli, zile pete za kwenye viungo vyake, akaweka nyingine zenye tundu lililokaa pembeni, si katikati. Ekseli ikaegemea nyuma. Akapanda, akakata kona, akaachia usukani, nao ukarudi wenyewe taratibu kama ng'ombe anayejua zizi lake. Matuta, kimya. Kona, zinarudi. Gari likanyooka? Likanyooka!

"Nipe ufunguo, mama," akasema Tluway, mkono umeshanyooshwa.

"Ufunguo wa nini?" Shafii akaruka. "Bila fimbo zangu kulala pamoja, bushi zako zingekusaidia kwenye tuta? Ungekuwa mitini na nyani!"

"Na wewe ungelinganisha fimbo na nini," Anaeli akadakia, "kama mimi sikuilaza ya kwanza?"

"Wewe ndiye uliyeharibu!"

"Nisingeharibu mngetengeneza nini?"

Mama Resiato akasema, "Kesho tunabeba maziwa. Mafundi wote nyuma. Tukifika sokoni salama, nitaamua."

Kesho yake Lekishon, tumbo limepona, akakaa kwenye kiti chake. Mama Resiato pembeni yake. Mafundi nyuma, kila mmoja amekumbatia dumu la maziwa na madai yake. Korongo likavukwa. Twiga ametulia, anakwenda kama maharusi. Likaja tuta lililo kando ya lambo la kunyweshea ng'ombe, tuta lile lile la kila siku.

Na mkono wa Lekishon ukafanya nini? Ulichofanya mwaka mzima. Kabla gurudumu halijagusa, ukavuta kushoto.

Safari hii hakuna aliyevuta kulia. Twiga, mtiifu sasa, mwenye adabu mpya, akaenda kushoto kama alivyoelekezwa, bila kuyumba, bila kutetemeka, amenyooka kabisa, mpaka katikati ya lambo.

Hakuumia mtu. Maziwa yalimwagika yote. Ng'ombe waliokuwa wakinywa walinyanyua vichwa, wakatazamana, wakaendelea kunywa kwa bidii zaidi.

"Mmeniharibia gari!" Lekishon akapiga kelele, maji kiunoni.

Watatu wakamcheka. Akawageukia. "Chekeni. Mwaka mzima gari bovu, barabara mbovu, hakuna tone lililomwagika. Nani aliyekuwa akilinyoosha? Ninyi mmenyoosha vyuma, kila mmoja chuma chake. Mimi nilikuwa nanyoosha safari. Na hakuna hata mmoja aliyefikiria kuniambia, Lekishon, sasa usivute."

"Tulidhani unajua kuendesha," akasema Tluway.

"Mimi ndiye niliyemaliza kazi," akaongeza Tluway huyo huyo.

"Mimi ndiye niliyezipatanisha fimbo," akasema Shafii.

"Mimi ndiye niliyeanza," akasema Anaeli, naye kwa kweli alianza yote.

Mama Resiato alikuwa amepanda juu ya boneti, viatu mkononi, ufunguo unachuruzika maji shingoni. Aliwatazama wanaume wanne wanaogombea shimo moja huku wote wamesimama ndani ya jingine. Ng'ambo ya lambo akina mama wa maboma walikuwa wameshajipanga na vibuyu vyao, wanangoja kuambiwa kama kesho gari litakuja, na nani atalishika.

Akauvua ufunguo. Akauinua juu.

Basi ninyi mliokaa pakavu, mnaocheka kana kwamba mikono yenu haijawahi kuvuta kushoto kwenye tuta lililokwisha kusawazishwa: aliyelipandisha na kuanza kulirekebisha, aliyezilaza fimbo mkao mmoja, aliyeiegemeza ekseli, au aliyelibeba likiwa bovu akalizamisha likiwa zima? Mama anangoja, mkono unamchoka. Je, nani alistahili ufunguo?