Hita ya Gesi ya Mzee Mahimbo

Fundi Shemdoe alimkuta Mzee Mahimbo uani, povu la sabuni kichwani, khanga ya mkewe kiunoni. Hita ya gesi ilikuwa imemzimikia katikati ya kuoga, na baridi ya Lushoto haijui mzee wala kijana.

Shemdoe ndiye aliyekuwa fundi wa gesi pekee mjini, tajiri mwenye majivuno. Alizoea kufunga mipira ya gesi mikuukuu na kuapa kuwa ni mipya. Jirani mmoja nusura aungue.

"Ukinitaka, sawa. Hunitaki, oga barafu," alisema.

"Funga utakavyo, mwanangu," alijibu Mahimbo akitetemeka. "Mimi ndoo inanitosha. Ila mama mkwe wako anakuja kulala kwetu leo, na mke wangu keshamwahidi maji ya moto."

Shemdoe akashika bisibisi. Aliifungua hita yote, akautupa mpira wake mkuukuu, akatoa mpya garini. Kisha akachota povu kichwani mwa Mahimbo, akalipaka kila kiungo cha bomba kuona kama gesi inavuja. Akarudia tena.

Alipomaliza, alichomekea shati. "Mama anafika saa ngapi, nimsubiri nimwamkie?"

"Hajaalikwa," alisema Mahimbo akiingia bafuni. "Rudishia mlango, baridi inaingia."