Ukurasa wa Marehemu Amrani

Kaeni. Aliyekuja kusikiliza akae, aliyekuja kupeleleza akae naye, maana mwishoni wote mtajibu. Nina ugomvi nimeubeba wiki nzima na umenishinda kuukata.

Kaka yangu Amrani, aliyekuwa gadi wa treni hapa Tabora, alioa wake watatu. Wa kwanza Nyamizi, wa kati Tausi, mdogo Zena. Nyumba tatu, zote hapa mtaa wa Ng'ambo. Na wanawake hawa walichukiana, sisemi kununiana, nasema kuchukiana. Tausi akimwona Nyamizi sokoni anarudisha nyanya kwenye fungu na kuhama meza. Miaka kumi na tisa hawajaitana kwa jina. Zena alipoolewa akawakuta hivyo, akawachukia wote wawili ili asionekane na upande.

Lakini kila mmoja Mungu alimpa chake.

Nyamizi alipewa macho. Ukikaa naye mbele ya televisheni, wewe unaona watu wanagombana, yeye anaona pete imehama kidole.

Tausi alipewa ulimi. Neno lake moja linakumaliza, na linamaliza na ukoo wako. Kwa ulimi huo kaka alimwacha mara mbili, akamrejea mara mbili. Nyumbani kwake televisheni hakuna, na hakuitaka. "Nikatazame waongo kwenye kioo," alisema, "wa mtaani nimewamaliza?"

Zena alipewa vidole. Alifika kidato cha nne, na kwenye simu anaandika huku anakutazama usoni.

Na kaka yangu? Alibaki na masikio na jina. Macho yalikwenda miaka sita kabla hajafa, presha ya macho. Akawa wa kukaa tu barazani, mkali kwa kila mtu. Zena ndiye aliyemtafutia shughuli. Huko mtandaoni kuna mahali watu wanaandika walichotazama. Umetazama sinema au tamthilia, unaandika jina lake, unaipa nyota, moja mpaka tano, unaweka maneno yako, na wenzako wanasoma na kukujibu. Zena akamfungulia ukurasa wake, kwa jina lake, na picha yake ya zamani akiwa na kofia ya kazi. Mtaani tulijua haoni. Huko hakuna aliyejua.

Sasa sikilizeni ilivyokwenda, maana kaka yangu alilala siku mbili kila nyumba, na siku ya saba alishinda kwangu.

Televisheni ilikuwa kwa Nyamizi. Tamthilia ikianza, kaka analaza kichwa kwenye mto, Nyamizi anatazama na kumsimulia.

"Binti kasema hana kinyongo," kaka anasema. "Nimesikia."

"Kasema. Lakini mkono uko nyuma ya mgongo, unachana leso."

"Na mama mkwe?"

"Anaitazama leso. Binti hamtazami."

Siku mbili anaelezwa hivyo, mpaka rangi ya pazia. Nyamizi alizika watoto wake wote wawili. Aliwahi kuniambia, "Wifi, hizi ndizo siku zangu za ndoa. Zile za mwanzo zilikuwa za kazi."

Zamu ikihamia kwa Tausi, kaka anafika na ile leso kama ameiona yeye. Tausi anachambua dagaa, kichwa hainui.

"Anachana leso huku anasema amesamehe," kaka anamwambia.

"Basi hajasamehe. Anafanya mazoezi."

"Na yule kijana mpole?"

"Mpole wapi. Mwoga aliyepiga pasi shati."

Kaka anacheka mpaka anashika mbavu. Mwanamke ambaye maisha yake yote ameambiwa nyamaza, siku mbili kila wiki yuko mtu anamwambia endelea. Alijua ni habari za tamthilia. Hakujua zinakopelekwa.

Kisha kwa Zena. Hapo kaka amejaa, anamwaga. Na yeye akisimulia, wewe unakwenda Kaliua, anakupitisha Mwanza. Zena anakata, anapanga, anatoa mistari sita iliyosimama. Nyota alichagua yeye. Watu aliwajibu yeye. Wiki aliyojifungua mapacha aliandika akiwa wodini, mtoto mmoja kwenye ziwa. "Nisomee," kaka anamwambia. Anamsomea. "Hapo umenipata, mke wangu." Zena aliamini kila neno limetoka kichwani kwa mumewe, na kwamba kichwa hicho amefunguliwa yeye tu.

Ukurasa ukapata watu elfu kumi na moja. Wa Mombasa, wa Bujumbura, hata wa Omani. Kila Alhamisi wanangoja mzee wa Tabora amesemaje.

Kaka akaugua siku nne, akatutoka.

Wazee wakaamua wajane wakae eda pamoja, nyumbani kwa Nyamizi kwenye vyumba vingi. Miezi minne na siku kumi, hakuna kutoka. Mimi niliwaambia wazee mnafuga moto, wakaniambia msiba unapatanisha. Siku ya kwanza walipigania nani alale karibu na mlango.

Zena, kwa heshima yake, akaandika tanzia kwenye ukurasa. Wenye mtandao wakajibu kwa pole, kisha wakaufunga usiandikwe tena, kusoma tu. Wakasema ukurasa wa marehemu anakabidhiwa mtu mmoja, yule aliyeuandika pamoja naye, na jina lake litakaa chini ya la marehemu. Mtu mmoja, mwenye kitambulisho. Jina lisipofika kwa tarehe waliyotaja, yote yanafutwa, miaka yote sita. Zena akaomba waweke majina mawili, au waandike familia. Wakakataa.

Basi akawakusanya wenzake pale kwenye mkeka wa eda.

"Nataka mridhie niandike langu," akasema. "Ninyi hamsomi, haiwapunguzii kitu. Sikilizeni tu mwone nilichokuwa nakilinda."

Akasoma ile ya binti anayechana leso.

Nyamizi akamwambia, "Rudia."

Akarudia.

"Leso hiyo niliiona mimi. Soma nyingine."

Akasoma nyingine. Pete iliyohama kidole. Akasoma ya tatu, mlango ulioachwa wazi kwa makusudi. Nyamizi akawa anajipiga kifuani kwa kila moja, "Mimi. Mimi. Na hiyo mimi."

Tausi alikuwa na tasbihi, akaiweka chini. "Hapo kati. Hapo kwenye mwoga aliyepiga pasi shati. Hilo nani kasema?"

"Marehemu," Zena akajibu.

"Marehemu wa wapi. Nimelisema mimi, mikono ina dagaa."

Hapo ndipo kila mmoja alipojua kwamba utamu aliodhani ni wake na mumewe tu ulipita nyumba zote tatu. Mngewaona. Mimi niliitwa dakika hiyo hiyo, nikawakuta wamesimama.

"Wewe televisheni hujui hata inawashwa wapi," Nyamizi anamwambia Tausi. "Umehukumu watu hujawaona. Shahidi wa uongo."

"Uliona leso," Tausi anasema. "Kila mwenye macho ataona leso. Watu elfu kumi na moja walikuja kutazama kitambaa? Walikuja kwa hukumu."

"Hukumu yako ingeishia kwenye beseni la dagaa," Zena akaingia. "Na macho yako, bi mkubwa, yangeishia kwenye mto. Miaka sita nimekesha nikipanga. Nani aliwajua ninyi?"

"Karani," Tausi akamgeukia. "Karani akiandika hukumu anakuwa hakimu? Na kiherehere chako cha tanzia ndicho kilichofunga mlango, sasa unajifanya unagawa ufunguo."

"Mlikuwa mnangoja mgombee godoro lake," Zena akamjibu. "Mmelikosa, mnagombea maneno."

"Godoro lilikuwa langu kabla hujazaliwa," Nyamizi akamwambia.

Niliwakalisha. Nikamwambia Zena asome ukurasa wote, toka mwanzo, tusikie vizuri cha nani ni kipi. Alisoma siku mbili. Na kweli, wanangu, sikupata mahali pa kukata. Ukitoa alichoona Nyamizi, Tausi hana cha kuhukumu. Ukitoa alichohukumu Tausi, imebaki habari ya mapazia. Ukimtoa Zena, hakuna kitu, upepo tu uliopita nyumba tatu.

Siku ya pili, karibu na mwisho, Zena akakwama. Nikamwambia soma. Akasema hiyo haina maana. Nikamwambia soma, Zena.

Mtu wa Bujumbura alikuwa ameuliza, "Mzee, huwa unatazama na nani?"

Na jibu likasema, "Natazama peke yangu."

Nyamizi ndiye aliyeuliza, taratibu, "Hilo kaliandika nani?"

"Alisema yeye," Zena akajibu. "Nikaandika. Nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega."

"Ukaandika tu."

"Nikaandika. Nilidhani anawakana ninyi."

Tausi akajifunika kanga usoni. Alipojifunua akasema, "Wafute. Kama alikuwa peke yake, akae peke yake huko alikokwenda."

"Ufute ulimi wako," Nyamizi akamwambia. "Mimi sina mtoto, sina mjukuu. Mtu akija kuniuliza kwa Amrani ulifanya nini, nitamwonyesha nini? Sufuria?"

"Na mimi niliachwa mara mbili kwa maneno hayo hayo," Tausi akasema, sauti imepanda. "Hayo hayo, wifi. Huko watu wanayapigia makofi na kusema mzee ana hekima. Nikae kimya tena, nimpishe mwenye kuona leso?"

Zena akasema, "Mimi mapacha wangu watajua kusoma. Watakuta jina la nani?"

Mwisho wakakubaliana jambo moja, la kwanza tangu niwajue. Nitakalotaja mimi, wifi yao, ndilo litakaloandikwa. Zena ameapa kwa msahafu ataliandika hata kama si lake, maana mwenye kuandika ni yeye tu, na mimi kusoma sijui. Nami nikakubali bila kufikiri. Tangu hapo, nikipeleka uji, hakuna anayenisalimia kabla hajaniuliza nimeamua nini.

Nyamizi amesema likiandikwa la mwingine anatoka eda, anavuka kizingiti mchana kweupe, na dhambi iwe juu yangu. Tausi hakusema atafanya nini, na mnamjua, hiyo ndiyo mbaya zaidi. Zena amesema ataandika, kisha wanawe hawatamwita mtu yeyote mama mkubwa.

Msiniambie niandike langu. Nimeshaambiwa na wapuuzi, nimekataa. Msiniambie kaka yangu ndiye mwenye haki, yeye jina lake lipo juu tayari. Na anayetaka yafutwe aje aseme hivyo mbele yao, nitampeleka mwenyewe.

Tarehe yenyewe ni Ijumaa, keshokutwa. Wale wajane wamebakiza miezi miwili na siku kumi kwenye mkeka mmoja, na uji wao wa asubuhi unapelekwa na mimi.

Je, wewe ungetaja jina la nani? Na ukishalitaja, ungeingiaje kesho yake na uji ule, uwatazame wale wawili uliowaacha?