Karatasi Haiugui

“Karatasi haiugui, mguse mgonjwa.” Mmeisikia leo wodini, mkacheka, na sasa mnaniuliza imetoka wapi. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi, na kicheko chenu nakipa dakika mbili tu.

Atuganile alikuwa mwanafunzi wa uuguzi katika hospitali moja ya milimani, kule ambako baridi ya Juni huwafanya wagonjwa wajifunike gubigubi. Alikuwa na mwandiko mzuri, na sifa za mwandiko huo zilikuwa zimemlevya kidogo. Tatizo, jamani, ni ile safu ya pumzi kwenye karatasi ya vipimo ya kila mgonjwa. Kuhesabu pumzi kunataka usimame dakika nzima ukitazama kifua cha mtu kinavyopanda na kushuka, na wagonjwa walikuwa ishirini na wanane! Basi wodi nzima ilikuwa na desturi yake: mwenzako kaandika ishirini, nawe unaandika ishirini.

Asubuhi moja alifika kwenye kitanda cha Tusekile, aliyejifungua kwa upasuaji siku mbili nyuma. Tusekile alikuwa amelala, blanketi hadi kidevuni. Pembeni alikaa mama mkwe wake, Bibi Sekela, amempakata mjukuu. Atuganile aliona huruma kumwamsha mgonjwa. Akashika kalamu, akaandika ishirini kama ya jana, akageuka aende zake.

“Mwanangu, samahani,” bibi akamwita. “Mimi sikusoma. Hivi anayeumwa ni mkwe wangu au ni hiyo karatasi?”

“Bibi, mbona waniuliza hivyo?”

“Maana tangu jana mnakuja, mnaitazama karatasi, mnaiandika, mnaondoka. Huyu hakuna aliyemgusa. Nami namwona anahema kama mtu aliyepanda mlima.”

Lo! Atuganile alitamani ardhi ipasuke immeze. Akarudi, akafunua blanketi, akaweka kiganja kifuani. Ngozi ilikuwa ya moto. Akatazama saa, akahesabu dakika nzima. Pumzi thelathini na nane.

Alimkimbilia Sista Bupe, msimamizi wa wodi. Sista alipoiona karatasi, macho yalimtoka.

“Nani kaandika ishirini hapa?”

“Ni mimi, Sista. Sikuhesabu.”

“Nitakugombeza baadaye. Lete oksijeni!”

Daktari akaja mbio. Ilikuwa nimonia, tena akasema wangengoja hadi jioni wangemkosa. Siku mbili Atuganile hakula vizuri. Kila baada ya muda alikuwa pale kitandani, saa mkononi, akihesabu. Siku ya tatu Tusekile akaomba uji, na Atuganile akaingia stoo ya mashuka akalia kwa furaha.

Siku ya kuruhusiwa, Bibi Sekela alimletea mkungu wa ndizi. “Ndaga fijo,” akamwambia, ndiyo asante sana ya Kinyakyusa. Atuganile akapiga magoti palepale sakafuni.

“Bibi, usinishukuru mimi. Ningeondoka na kalamu yangu, leo mtoto huyu asingekuwa na mama. Wewe ndiye uliyenifundisha uuguzi. Asante, bibi yangu, asante sana.”

Bibi akamwinua, akamwekea mjukuu mikononi.

Tangu hapo, Atuganile akimwona mwenzake anatangulia kushika kalamu, alimrudisha kwa mgonjwa kwa methali hii, aliyoitoa kwenye swali la bibi, na wodi nzima ikaidaka. Kicheko kimeishia wapi? Wangapi kati yenu leo mmeandika ishirini? Haya, rudini wodini mkahesabu upya: karatasi haiugui, mguse mgonjwa.