Mabawa ya Mghoi

Hapo kale, kabla mgongo wa binadamu haujawa mtupu, kila mtoto alizaliwa na mabawa mawili mororo, yakakua kadiri alivyokua. Msinicheke. Watu waliruka kama sisi tunavyotembea. Ng'ombe akipotea, mtu alipaa juu ya kilima akamwona. Mto ukifurika, dawa ya mgonjwa ilivushwa kwa juu. Yalikuwa na faida yale mabawa, na mtu asiwadanganye kwamba hayakuwa nayo.

Hatari yake ni kwamba kupanda kulikuwa rahisi kuliko kushuka. Wapo vijana waliopaa kwa kushindana, mama zao wakabaki kuangalia juu mpaka shingo zikakakamaa. Kwa hiyo wazee waliweka mpaka, mtu asipite pale mwewe anapogeukia.

Aliyeupita mpaka huo aliitwa Mghoi, mke wa Mwakio. Siku zile watu walipanda kwa kubahatisha. Mwaka huu mbegu ziliungua, mwaka uliofuata zilioza, na njaa ikamaliza watoto. Wazee wakasema juu kabisa hapakosi dalili ya mvua, ila aende nani? Wanaume kadhaa walijaribu, wakarudi wanatetemeka meno yakigongana. Mghoi alikuwa na mabawa mapana kuliko wote, lakini pia alikuwa na mtoto mchanga, Wakesho, bado ananyonya. Mtoto wake wa kwanza alikuwa ameshachukuliwa na njaa, na hakutaka imfikie huyu wa pili. Akamnyonyesha akashiba, akamlaza, akamwambia mumewe, "Baba Wakesho, nitarudi kabla hajaamka."

Akapaa. Akampita mwewe, akayapita mawingu, akaupita hata upepo. Huko hakukuwa na harufu ya moshi wala mlio wa jogoo. Aliita jina lake mwenyewe asilisikie. Alipotazama chini aliiona dunia ndogo kama yai la kanga, na watu wote aliowahi kuwajua walikuwa humo. Mghoi alilia, na hapakuwa na wa kumbembeleza.

Hata hivyo, dalili aliiona. Aliliona lile fungu dogo la nyota tunaloliita Kilimia, likizama na kuzuka, na mawingu ya mvua yakilifuata. Akangoja ahakikishe, kwa kuwa habari nusu ingeua watu zaidi. Kwake kungoja huko kulikuwa kufupi tu. Hakujua kwamba kule juu muda hauendi kama huku kwetu. Alipopata hakika, alikunja mabawa akajiachia kuanguka.

Alitua uani kwake maziwa yakiwa bado yanamdondoka kifuani. Mlangoni palikuwa na mwanamwali akipepeta mtama. Ndiye Wakesho. Aliyaona mabawa mapana, akajua huyu ni nani, maana baba yake alimsimulia kabla hajafa. Akaweka ungo chini, akapiga goti kidogo kama mtu anavyompokea mgeni wa heshima.

"Shikamoo," akasema. "Karibu uketi. Nikuletee maji?"

"Marahaba," Mghoi akajibu, akaketi.

Habari aliyoileta iliokoa watu. Ndiyo maana mpaka leo tunasema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wazee walimpa kiti cha heshima, na kila mavuno wakamletea kikapu cha kwanza. Lakini wenzake aliokua nao walikuwa vikongwe, au walikuwa kaburini. Wakesho alimpikia, alimfulia, alimsalimu kila asubuhi kwa adabu, na hakumwita mama hata siku moja. Angewezaje? Tangu ajifunze kusema, neno hilo lilikuwa halijapata mtu wa kuliitikia. Mara nyingi Mghoi alikula peke yake, ameketi kwenye kile kiti chake.

Wakesho akaolewa, akajifungua mtoto wa kiume. Wazee walikuja wakayapima mabawa ya mtoto, wakafurahi. Wakasema huyu atafika mbali kuliko bibi yake, kwani nyota ni nyingi na kila moja ina siri ya kutufaa. Hawakuwa wajinga, walisema kweli. Walipoondoka, Wakesho alifunga mlango, akamweka mtoto mapajani mwa Mghoi.

"Mama," akasema, "yakande haya mabawa yaingie ndani. Nakuomba, mama. Huyu asiende."

Neno alilolingoja miaka yote limekuja, na limekuja na kazi ile. Hakuna aliyeyapenda mabawa kuliko Mghoi. Alipasha mafuta, akakanda polepole huku machozi yakimtoka, mpaka mabawa yakalala chini ya ngozi. Wanawake wengine walisikia, wakaleta watoto wao, na mwishowe watu wazima nao wakaja kukandwa. Yeye alizeeka akiwa mtu wa mwisho mwenye mabawa, na hakuwa na wa kuruka naye.

Na tangu siku hiyo binadamu huzaliwa mgongo mtupu, na ile mifupa miwili mipana chini ya mabega ndiyo masalia. Hamu tu ndiyo haikukandika. Watu wameunda ndege, wameunda roketi, wamefika mwezini, na vyombo walivyoviacha huko juu hutuambia mvua inakuja lini. Wengine huenda wasirudi. Na kichanga, mtazameni akilala: hushtuka ghafla, akatupa mikono pande zote mbili, vidole wazi, kama aliyepaa akakuta hakuna upepo. Hapo mama yake, bila kufundishwa na mtu, humwekea kiganja kifuani na kumwambia, "Nipo."